Rudisha Nyuma, Kasema Nyota

Likizo ya mwezi wa sita mwaka 2010 nilikuwa kidato cha pili, na mchana wangu mwingi niliumalizia kwenye benchi la kibanda umiza kimoja mjini Morogoro. Kiingilio kilikuwa shilingi 200. Madirisha yalizibwa kwa mapazia meusi na feni ilikuwepo kwa ajili ya kuonekana tu. Mwenye kibanda hakuwa na tabia ya kutangaza filamu. Ungejua unachotazama kikishaanza. Siku hiyo aliweka Star Trek, ile ya mwaka 2009 iliyoongozwa na J.J. Abrams. Haikuwa imetafsiriwa. Hakukuwa na sauti ya yule jamaa wa kutueleza nani steringi na nani adui, kwa hiyo tuliifuata kwa macho: meli ya angani, milipuko, kijana mkorofi, na mwenzake mwenye masikio yaliyochongoka.

Tangu mwanzo wa filamu yule kijana mkorofi, Kirk, anamsumbua dada mmoja mweusi amwambie jina lake la kwanza. Dada anakataa. Anajulikana kama Uhura, basi. Halafu, wakati wa kuagana kabla ya shambulio, yule mwenye masikio anamwita kwa sauti ya chini: Nyota.

Mbele yangu alikaa kondakta wa daladala, bado na noti zake zimekunjwa vidoleni. Akanyanyuka. "Oya, rudisha nyuma! Kasema Nyota?" Mwenye kibanda, ambaye hakuwahi kurudisha nyuma hata goli, alirudisha. Nyota. Akarudisha tena. Kibanda kizima kikapiga makofi, na mtu kule nyuma akasema, "Huyo wa kwetu."

Mimi nilikuwa na sababu ya ziada ya kufurahi. Binti wa mama yangu mdogo, aliyekuwa darasa la tano wakati ule, anaitwa Nyota, na shuleni walikuwa wakimtania kwamba ana jina la bibi kizee. Nilikwenda moja kwa moja kumwambia kwamba jina lake lipo kwenye meli ya angani, miaka zaidi ya mia mbili ijayo. Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso.

"Anafanya kazi gani humo?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa miaka kadhaa tangu siku ile, na njia ya kulitafuta imenipitisha katika historia ya jambo ambalo sikuwahi kudhani lina historia: namna tamthilia ya televisheni inavyogeuzwa kuwa filamu, na nani anaachwa na dakika ngapi mgeuko huo ukishafanyika.

Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, kwenye kituo cha NBC. Sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mwaka huo, wala hatungekuwa nayo hadi mwaka 1994, kwa hiyo wazazi wetu hawakukosa kipindi. Walikosa chombo chenyewe. Mbunifu wake, Gene Roddenberry, alipanga chumba cha uongozaji wa meli iitwayo Enterprise kwa namna ambayo Marekani ya wakati ule haikuzoea. Palikuwa na rubani mwenye asili ya Japani na, baadaye, Mrusi, katikati ya Vita Baridi. Kwenye kiti cha mawasiliano alikaa mwanamke mweusi.

Mwanamke huyo aliigizwa na Nichelle Nichols, mwimbaji aliyewahi kufanya kazi na bendi ya Duke Ellington. Alisimulia mwenyewe mara nyingi jinsi jina la mhusika wake lilivyopatikana. Alikwenda kwenye usaili akiwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark iliyotoka mwaka 1962. Kichwa chake kilikuwa Uhuru. Roddenberry alilipenda neno lile. Nichols akamweleza maana yake, kisha akapendekeza mwisho wake ulainishwe ili lifae kuwa jina la mwanamke. Herufi moja ikabadilishwa, na uhuru ukawa Uhura.

Ukilitazama neno hilo kutoka huku kwetu, kuna mambo mawili ya kuguna. La kwanza ni kitabu chenyewe. Ruark alikuwa Mmarekani mweupe, mwandishi na mwindaji, na Kenya ya miaka ya mwisho ya ukoloni aliiona kwa jicho la mgeni mwenye bunduki. Neno letu lilifika Hollywood kwa lifti ya mtu ambaye hakulitamka kwa furaha ileile tuliyolitamka sisi. La pili ni ile herufi. Mzizi wa neno ni huru. Ukiiondoa u ya mwisho hujalilainisha, umelikata mguu. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na mwenge ukapandishwa Kilimanjaro. Uganda ikafuata mwaka 1962, Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Katika miaka hiyo neno hilo lilipigiwa kelele viwanjani hadi sauti zikakauka. Hakuna aliyeona haja ya kulilainisha.

Hata hivyo simlaumu Nichols. Alikuwa mwanamke mweusi katika Marekani ambako sheria ya haki ya kupiga kura ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Alilichukua neno lililokuwa karibu yake, akalivaa. Na usiku wa kwanza kabisa wa Star Trek, tarehe ileile 8 Septemba, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza anamjia Uhura kwa sura ya mwanaume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Ni Kiswahili kilichopinda, cha mtu aliyekariri bila kuelewa, lakini ni Kiswahili, na kiliingia sebuleni kwa Wamarekani kabla hawajamzoea hata nahodha. Mwaka uliofuata, katika kipindi kingine, mashine inafuta kumbukumbu za Uhura na inabidi afundishwe upya kusoma Kiingereza. Akikasirika, lugha inayomtoka ni Kiswahili. Mwandishi wa kipindi kile alijua jambo la kweli kuhusu watu wenye lugha mbili: hasira huchagua lugha ya mama.

Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha. Mistari yake ilikuwa michache na mara nyingi ilipunguzwa. Alishamwambia Roddenberry kwamba anaondoka, ndipo katika hafla moja ya kupigania haki za watu weusi akakutana na mtazamaji aliyejitambulisha kuwa shabiki wake mkubwa. Alikuwa Martin Luther King Jr., na alimsihi asiondoke. Nichols akabaki.

Tamthilia yenyewe haikubaki. Wakuu wa kituo walihesabu watazamaji na kuona hawatoshi. Mashabiki waliandika barua kwa maelfu, kampeni iliyoongozwa na mke na mume, Bjo na John Trimble, na kituo kikakubali msimu wa tatu. Kisha kikaupanga msimu huo Ijumaa saa nne usiku, wakati ambapo vijana walioipenda tamthilia hiyo walikuwa matembezini. Mwaka 1969 ilifungwa, ikiwa na vipindi 79.

Kilichotokea baadaye ndicho kilichozaa filamu. Vituo vidogo vya Marekani vilinunua vipindi hivyo 79 na kuvirudia jioni, siku baada ya siku. Watoto waliotoka shule walivikuta. Wanafunzi wa vyuo walivikariri. Kufikia mwaka 1972 mashabiki walikuwa wanakutana hotelini New York, na mwaka 1976 barua zao zilifanya chombo cha kwanza cha aina ya shato cha Marekani kipewe jina Enterprise. Studio ya Paramount ilikuwa na mali iliyokufa ambayo haikukubali kuzikwa. Kuna wakati ilipanga tamthilia mpya. Mwaka 1977 Star Wars ikatoka na kuvuna fedha ambazo hakuna aliyezitarajia kutoka hadithi ya angani, na mwaka uliofuata Paramount ikatangaza kwamba Star Trek itarudi, lakini kama filamu ya sinema.

Star Trek: The Motion Picture ilitoka Desemba 1979. Iliongozwa na Robert Wise, yuleyule wa The Sound of Music, na iligharimu takriban dola milioni 44, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Kazi ya picha za ujanja ilichelewa kiasi kwamba filamu ilimalizwa siku chache tu kabla ya kuonyeshwa. Ukiitazama leo unaona wasiwasi wa watu waliopewa fedha nyingi: kamera inaizunguka Enterprise kwa dakika kadhaa, polepole, kama mtu anayekagua gari jipya kabla ya kulipa. Watazamaji walijaa, lakini wengi walitoka wakilalamika kwamba wameona meli kuliko watu.

Filamu ya pili, The Wrath of Khan ya mwaka 1982, ilifanywa kwa robo tu ya fedha hizo. Mtayarishaji mpya, Harve Bennett, alitoka kwenye televisheni na alifanya jambo rahisi ambalo wengi hawalifanyi: alikaa akatazama vipindi vya zamani. Katika kimoja cha mwaka 1967 alimkuta Khan, adui aliyeachwa hai kwenye sayari ya mbali, na akajiuliza amekuwaje miaka 15 baadaye. Mwongozaji Nicholas Meyer akaijenga hadithi juu ya uzee, kisasi na kifo. Mwishoni Spock anakufa ili wenzake wapone.

Hapo ndipo unapoona tofauti ya vyombo hivi viwili. Tamthilia ya zamani ilikuwa kama mama mwenye nyumba: kila jioni, kabla ya kulala, lazima vitu virudi mahali pake. Nahodha angejeruhiwa, angependa, angekaribia kufa, na wiki ijayo angekuwa kitini kama jana. Filamu haiwezi kufanya hivyo. Mtu aliyetoka nyumbani na kukata tiketi anataka kuona kitu kikivunjika kweli. Kwa hiyo filamu za Star Trek zilianza kulipa bei ambazo tamthilia haikuwahi kulipa: Spock anakufa katika ya pili, mtoto wa nahodha anauawa na Enterprise inateketezwa katika ya tatu, ya mwaka 1984.

Lakini filamu ina bei nyingine, ambayo haitangazwi kwenye bango. Vipindi 79 vina nafasi ya kila mtu. Saa mbili hazina. Wahusika wakuu wa Enterprise ni saba, na dakika zikigawanywa, nahodha, Spock na daktari hula nyama. Wengine wanne hugawana mchuzi. Nilikaa siku tatu na filamu zote sita za waigizaji wa kwanza, daftari pembeni, nikimhesabu Uhura. Cheo chake kinapanda. Kazi yake haipandi. Katika ya tatu anapata tukio moja zuri, anapomwamuru ofisa kijana mwenye majivuno aingie kabatini. Katika ya nne, ya mwaka 1986, anasimama barabarani San Francisco na Chekov wakiwauliza wapita njia meli za nyuklia ziko wapi. Katika ya tano, ya mwaka 1989, anacheza ngoma mwezini, usiku jangwani, ili kuwavuta walinzi watoke kwenye kituo chao. Alikuwa ofisa wa ngazi ya juu aliyetumikia kwa miongo, na hadithi ilipohitaji kitu kutoka kwake, ilihitaji miguu.

Kiswahili je? Nilikisubiri kwa filamu sita. Sikukisikia.

Jambo linalouma zaidi liko katika ya sita, The Undiscovered Country ya mwaka 1991, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Iliongozwa tena na Meyer, na ilitoka wiki chache kabla ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Inahusu maadui wa zamani, Waklingoni, ambao uchumi wao umeporomoka baada ya mlipuko mkubwa, na inauliza kama watu waliozoea kuchukiana wanaweza kuvumilia amani. Ni filamu inayoukataa ubaguzi. Humohumo, waigizaji wake weusi walipewa mistari iliyowakwama kooni. Nichols aliukataa mstari mmoja wa mzaha uliogeuza jina la filamu ya zamani kuhusu ndoa ya mweusi na mweupe kuwa kijembe kwa wageni wa Kiklingoni. Mstari huo akapewa Chekov.

Halafu kuna tukio la vitabu. Enterprise inapita kwa siri katika anga la Waklingoni, kituo cha ulinzi kinaita, na mashine ya kutafsiri haiwezi kutumika kwa sababu ingegundulika. Uhura, aliyekaa kiti cha mawasiliano kwa miaka 25, hajui Kiklingoni. Yeye na wenzake wanapekua makamusi makubwa ya karatasi, na anajibu kwa sentensi za kuchekesha, kama mtalii sokoni. Nichols alilipinga tukio hilo. Meyer aliona linachekesha, na likabaki.

Kiklingoni hicho kilikuwa kimetengenezwa na mwanaisimu Marc Okrand kwa ajili ya filamu ya tatu, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1985. Kina sarufi, kina viambishi, kina watu waliojifunza kukizungumza. Katika filamu hiyohiyo ya sita, kiongozi mmoja wa Kiklingoni anadai kwa majigambo kwamba Shakespeare husomeka vizuri zaidi katika Kiklingoni, na jemadari wake anarusha maneno kutoka Julius Caesar vitani. Nilipolisikia dai hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana Julius Nyerere alishachapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo huohuo mwaka 1963, miaka mitatu kabla Enterprise haijaruka. Pale kwenye sitaha alikaa mwanamke mwenye jina la Kiswahili, lugha yenye mamilioni ya wasemaji, kamusi, magazeti na Shakespeare wake mwenyewe. Studio ilimlipa mtaalamu aunde lugha ya watu wasiokuwepo. Ya watu waliopo iliachwa mwaka 1967.

Na Nyota lilitoka wapi? Halikutoka studio. Mwaka 1982 mwandishi William Rotsler aliandaa kitabu kidogo cha wasifu wa wahusika na akagundua kwamba Uhura hana jina la kwanza. Alipendekeza Nyota, na Nichols akalipenda. Kwa miaka mingi jina hilo liliishi vitabuni na midomoni mwa mashabiki, watu wa aina ileile walioandika barua mwaka 1968. Filamu nne nyingine zilitoka kati ya mwaka 1994 na 2002, zikiwa zimeongozwa na kikosi cha nahodha mwingine. Ni Abrams na waandishi wake waliporudi mwanzo, mwaka 2009, ndipo Zoe Saldaña akaitwa Nyota mbele ya kamera. Ilikuwa imepita miaka 43.

Filamu hiyo ilifanya jambo lingine ambalo kondakta wetu, kwa kukosa mtafsiri, hakuliona. Uhura wa Saldaña ni mtaalamu wa lugha. Ofisa wa mawasiliano anaposhindwa kutofautisha lugha mbili zinazofanana, Uhura anasema anazijua, na lahaja zake zote tatu, na anapewa kiti. Ujumbe alioudaka na kuutafsiri usiku uliotangulia ndio unaomwezesha Kirk kutambua mtego. Katika filamu iliyofuata, ya mwaka 2013, anateremka peke yake kuwakabili Waklingoni wenye silaha na kuwasemesha Kiklingoni, bila kitabu. Sijui namna nyingine ya kulisoma tukio hilo isipokuwa kama radhi iliyoombwa kwa kuchelewa miaka 22.

Nichols alifariki mwaka 2022. Filamu zilipokuwa bado zinajadiliwa mwaka 1977, yeye alikuwa anafanya kazi na NASA kuwashawishi wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, mwaka 1992, alisema kwamba Uhura ndiye aliyemtia hamu utotoni. Kwa hiyo hata mchuzi ule uligawiwa watu wengi.

Mdogo wangu Nyota sasa ni mtu mzima. Anafanya kazi kwenye ofisi ya mabasi, kitengo cha simu. Mwezi uliopita nilimpigia nikamwambia kwamba nimepata jibu la swali lake la viazi. Alikuwa ameshalisahau, ikabidi nimkumbushe.

"Anapokea simu," nikasema. "Anasikiliza watu wa lugha zote, halafu anawaambia wenzake wamesema nini."

Alicheka sana. "Kumbe kazi yangu." Kisha akanyamaza kidogo, nikasikia abiria kwa mbali akiulizia basi la saa sita. "Na Kiswahili anaongea?"

Nikamwambia aliongea kidogo, usiku wa kwanza, mwaka 1966.

"Basi warudishe nyuma," akasema, akaenda kumhudumia abiria.